Celica ilivyotuumbua mlima wa Lushoto

Msomaji wangu, kama hujawahi kukaa siti ya nyuma ya Toyota Celica kutoka Dar mpaka Mombo, usinihadithie habari za mateso. Magoti yangu yalikuwa usawa wa masikio, na chini ya shati nilikuwa nimeficha bahasha mbili za mshikaji wangu. Moja ya mahari. Nyingine nusu ya pili ya bei ya gari lenyewe. Siti ya mbele? Ilibeba suti yake, isije ikajikunja.

Tulikuwa tunakwenda Lushoto kwa wakwe zake watarajiwa. Mshenga, baba yake mdogo, alishatangulia kwa basi siku moja kabla. Miadi ilikuwa saa tisa alasiri, na mshikaji alishaapa kwamba hawezi kwenda kutoa mahari kwa kuteremka kwenye Hiace.

Gari lilikuwa bomba, tusidanganyane. Jekundu, toleo la mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile zenye taa zinazoinuka ukiziwasha. Mwenye gari alituimbia sifa zote: Celica ilivyoshinda Safari Rally kule Kenya, mwaka 1990 na Björn Waldegård, mwaka 1994 na Mkenya mwenyewe, Ian Duncan. Akapokea nusu ya hela, akasema kaijaribuni safarini, mkirudi mtamalizia. Habari za klachi hakuzigusa, na sisi kwa ushamba wetu hatukuuliza.

Ishara ya kwanza tuliipata Kimara, kwenye foleni. Mshikaji anaachia klachi, gari halisogei. Anaachia zaidi, kimya. Mpaka mguu unakaribia kuagana na pedali ndipo linashika, tena kwa kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikamwuliza kulikoni. "Magari ya spoti ndivyo yalivyo, wewe umezoea daladala."

Nikanyamaza. Gari si langu.

Ishara ya pili ilitaka kututoa roho. Tumevuka daraja la Wami, tunapanda, mbele yetu lori la saruji linajikongoja. Mshikaji akaingia upande wa pili kulipita, akakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikalia, mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 3,000 mpaka karibu 5,000. Mshale wa spidi umetulia pale pale! Kelele nyingi, mwendo hakuna. Mbele likachomoza basi. Tukarudi nyuma ya lori jasho linatutiririka, na dereva wa basi akatupa honi ndefu ambayo hata bila maneno ulijua ni matusi.

Kabuku tulinunua machungwa, tukayala bila kusema neno. Segera, Korogwe, barabara tambarare, Celica ikatulia kama malaika. Hapo ndipo ilipotulaghai. Klachi iliyochoka kwenye tambarare inazuga, siri yake inatoka mlimani.

Na mlima wenyewe ndio huo wa Mombo. Ukiiacha barabara kuu ya Arusha unaanza kupanda milima ya Usambara, kilomita 30 na ushee mpaka Lushoto mjini, na unainuka kama mita 1,000 hivi. Ni kona juu ya kona. Mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo, na chini kabisa maji yanashuka kwenye mawe. Pazuri mno, lakini si pa kupanda na gari bovu.

Hatukufika hata Soni. Kwanza ikaja harufu, kali, kama ya kitu kilichoungua jikoni kikachanganyika na breki. Mimi nikadhani wanachoma takataka bondeni. Halafu kwenye kona moja injini ikanguruma kwa nguvu zake zote na gari likaanza kurudi nyuma taratibu. Nilitoka kwenye ile siti sijui kwa mlango gani, nikaweka jiwe nyuma ya tairi.

Tuliligeuza kwa shida, tukashuka mpaka Mombo pole pole, injini ikiwa hai ili breki zisiwe ngumu. Tukaonyeshwa fundi, mzee wa makamo chini ya mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo harufu imefika kabla yenu."

Akaliacha lipoe kidogo, akaingia. Akavuta hendibreki mpaka mwisho, akawasha, akaweka gia ya tatu, akaachia klachi polepole huku ametia mafuta kidogo. "Gari zima linazima hapo hapo," akasema. Letu likaendelea kunguruma kama halijaambiwa kitu. "Pedali kushikia juu peke yake, huenda ni kurekebisha tu. Lakini mizunguko kupanda bila mwendo, na harufu hii, wanangu, pleti imekwisha. Kwani hamkuona njiani?"

Mshikaji akatazama viatu vyake.

Saa nane ilishapita. Tukaliacha gari kwa fundi, tukapanda Hiace, mimi nimepakatwa na gunia la sukari, suti imening'inia dirishani. Maporomoko ya Soni tukayaona kwa upande, baridi ikaingia, na mshikaji hakusema kitu mpaka mwisho. Tulifika saa tisa na nusu. Mshenga alikuwa amevimba kwa hasira. Baba mkwe akauliza tu tumekuja na usafiri gani.

"Hiace, baba."

"Vizuri. Mlima huu hautaki majivuno."

Mahari ikapokelewa.

Kasheshe likabaki kwa mwenye gari, aliyedai tumeiunguza wenyewe. Bahati fundi alipoteremsha giaboksi alitupigia picha: pleti imelika mpaka ribiti zimechimba mifereji kwenye flaiwili. Kazi hiyo haiishi kwa mchana mmoja. Baada ya wiki nzima ya simu, alikubali kukata gharama ya klachi na ufundi kwenye bei. Ile bahasha ya pili ilitoka ikiwa nyembamba, na Celica ikabaki kwetu.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayeona rangi nyekundu ukasahau dunia: kabla hujatoa hata senti, omba kipimo cha gia ya tatu. Kisha litafute mlima. Muuzaji akikuambia mlima wa nini, mshukuru, mrudishie funguo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.