Picha za Mbele ya Ngome

Fungua albamu za Mji wa Kale wa Mombasa, zile za kabla ya simu za mkononi, na hukosi kuiona picha ya namna hii: mume na mke wapya wamesimama kando ya mizinga ya Ngome ya Yesu, yeye kavaa koti, mkewe buibui, na baina yao nafasi ya mtu wa tatu kupita. Hawakwenda pale kutalii. Mtu wa Kuze au Kibokoni atafuata nini kwenye kuta ambazo wazee wake walizijua kama jela? Maana Ngome ilikuwa jela mpaka 1958. Picha zile zilikuwa za kupelekwa Nairobi, kumwombea mke viza ya Uingereza.

Dadangu mkubwa alipigwa ya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipoolewa na kijana wa hapa hapa aliyekulia Leicester. Wakati ule sheria ya Uingereza ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba shabaha kuu ya ndoa yake haikuwa kupata njia ya kuingia nchini mwao. Kwanza sheria hiyo iliwabana waume tu. Mwaka 1985 wanawake watatu, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, wakaishinda serikali ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg: mahakama iliona ni ubaguzi kumruhusu mwanamume amlete mkewe kwa urahisi na kumzuia mwanamke asimlete mumewe. Serikali ikatii hukumu kwa njia yake. Badala ya kuwalegezea waume, ikawakazia na wake. Haki sawa, basi.

Sasa mtu wa Mombasa athibitishe vipi? Ndoa zetu hazikuwa na jukwaa la bwana na bibi arusi kukaa pamoja. Nikaha ya dadangu ilifungwa Msikiti wa Mandhry baada ya sala ya alasiri. Baba, aliye walii wake, alishikana mkono na mposaji mbele ya kadhi, halwa na kahawa zikapita, na dada mwenyewe yuko nyumbani orofani, piko halijakauka mikononi. Kwenye shughuli ya wanawake kamera ilikatazwa mlangoni. Kwa hiyo ndoa iliyoshuhudiwa na mtaa mzima haikuwa na picha hata moja ya wenyewe wawili. Ami yangu ndiye aliyesema, waende Ngomeni kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, mpiga picha atawakuta pale.

Mengine yalikwenda kwa posta. Shemeji alituma kwa rejista barua ya mwajiri, karatasi za benki na za nyumba, na baba akaenda kuzitia sahihi Posta Kuu ya Digo Road. Dada naye alifungasha barua zote alizoandikiwa, pamoja na bahasha zake, kwa kuwa muhuri wa posta ndio uliobeba tarehe. Mama alizipitia kwanza. Kuna mbili alizoziondoa, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumuuliza zilikuwa na nini.

Halafu basi la usiku, na asubuhi dirishani kwa afisa wa viza Nairobi. Siku ya ndoa ulikuwa wapi? Nyumbani. Na mumeo? Msikitini. Dada husimulia kwamba hapo kalamu ya afisa ilisimama. Akamweleza: kwetu anayeozesha ni baba, mimi nilishaulizwa ridhaa yangu kabla, cheti cha kadhi hicho. Afisa akauliza tena kwa njia nyingine, naye akajibu vile vile. Ukimsikiliza dada utadhani alikuwa akimsomesha mtoto wa chuoni. Viza alipata.

Alipofika kule, baada ya mwaka wa kwanza ilibidi kuomba tena, ukaazi wa kudumu sasa. Njia zilikuwa mbili: kutuma pasipoti kwa posta, au kwenda mwenyewe Lunar House, Croydon, kupanga foleni. Aliyetuma alikaa bila pasipoti mpaka ajibiwe, na misiba ya Mombasa ikampita. Baadaye ada zikaja, na huduma ya ana kwa ana ikawa ghali kuliko ya posta.

Sharti la shabaha ya ndoa lilifutwa Juni 1997, serikali ya Labour ilipoingia, na kwa muda watu wakapumua. Kisha yakaja ya aina nyingine. Alama za vidole. Cheti cha kifua kikuu, kutoka kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji Nairobi. Mwaka 2010, mtihani wa Kiingereza. Julai 2012, mume au mke aliyeko Uingereza akatakiwa kuwa na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na muda wa majaribio kabla ya ukaazi wa kudumu ukawa miaka mitano. Aprili 2024 kipato kikapandishwa hadi pauni 29,000.

Mpwa wangu ameomba kwa masharti haya. Fomu ni ya mtandaoni, uamuzi hukatwa Uingereza kwenyewe, na aliyekwenda kumwona Nairobi alitaka vidole vyake tu. Barua za leo ni za WhatsApp, nazo alizichapisha saiba, kijana wa pale akizipanga karatasi kwa tarehe na kujitia hasomi. Kwenye ukurasa mmoja walikuwa wanagombana juu ya rangi ya makochi. Nilimwambia huo ndio auweke juu.

Mimi sizitamani zile siku za dirishani. Kuulizwa na mgeni kama ndoa yako ni ndoa ni udhia. Lakini dada alipoulizwa alijibu, akaeleweka. Mpwa wangu hakuna aliyemuuliza neno. Mumewe ana kazi ya ghala na nyingine ya usiku ili afike kwenye ile 29,000, na hilo hakuna maelezo ya kulipunguza.

Na limeshaingia mpaka kwenye posa zetu. Juzi juzi alikuja mposaji wa kutoka Birmingham, na ami, ambaye zamani angeanza kwa kuuliza ukoo hadi babu wa saba, alitaka kwanza kuona hati za mshahara. Kijana hakushangaa. Alikuwa nazo kwenye simu, za miezi sita.