Miaka Yangu Juu ya Matangi ya Malargüe

Niliajiriwa kama fundi wa vifaa vya kielektroniki, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa barabarani. Kituo cha Pierre Auger cha kuchunguza chembe zitokazo anga za mbali, nje ya mji wa Malargüe nchini Argentina, kina matangi 1,660 yaliyotawanyika kwenye nyika ya kilomita za mraba 3,000, na kutoka tangi moja hadi jingine ni mita 1,500. Kila asubuhi tulipakia pikapu, tukawa tunafungua na kufunga mageti ya wafugaji mpaka tufike.

Ndani ya kila tangi mna lita 12,000 za maji safi kabisa, kwenye giza totoro. Chembe ikipita humo kwa kasi inayouzidi mwanga wenyewe majini, maji hutoa mmweko wa samawati, na mirija mitatu ya kukuza mwanga huunasa. Shida ni kwamba tangi peke yake halipambanui vizuri elektroni na muoni, binamu yake mzito. Kiini cha chuma kikigonga hewa ya juu, mvua ya chembe inayotokea huwa na muoni nyingi kuliko ile ya protoni. Usipozitenga, hujui ni nini kilichotua. Ndiyo maana ya mradi wa AugerPrime. Juu ya karibu kila tangi tulipandisha kwa kreni kasha bapa la sintileta, kitu kinachotoa mwanga chembe ikipita, lenye mita za mraba 3.8. Elektroni na muoni haziachi alama kwa uwiano uleule kwenye sintileta na kwenye maji, kwa hiyo ukilinganisha vyote viwili unaweza kuzitenga.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kubadilisha bodi ya kielektroniki ya tangi. Unapanda, unafunua kuba, unakata umeme wa betri, unachomoa nyaya moja moja huku ukizitia alama, na upepo haukupi nafasi. Bodi ya zamani ilisoma mawimbi mara milioni 40 kwa sekunde, hii mpya mara milioni 120. Tuliongeza pia mrija mdogo, kwani tangi lililo karibu na kitovu cha mvua hupata mwanga mwingi mno, mirija mikubwa ikazidiwa.

Ukishawasha, kipimo huletwa na anga lenyewe. Muoni za kawaida hupita tangini maelfu kadhaa kila sekunde, na grafu yake hujenga nundu kwenye kompyuta. Nundu isipokaa mahali pake, sikuruhusu mtu ashuke. Maana chembe zenye nishati kubwa kabisa hazifiki hata moja kwa karne katika kilomita moja ya mraba. Ikija tangi likiwa limelala, imetupita.

Antena za redio zilipandishwa pia, kwa ajili ya mvua zinazokuja kwa mshazari, ambazo sintileta iliyolala bapa haizioni vizuri. Novemba 2024 mkataba wa kituo uliongezwa hadi 2035. Mimi nasubiri jibu moja: katika chembe zile za nishati ya juu kabisa, protoni zimo au hazimo?