Tambi za Choroko

Akina mama kadhaa wameniuliza baada ya darsa kuhusu tambi nyeupe zinazouzwa Kariakoo, zile ambazo zikiiva huangaza kama kioo. Kwa kuwa zinaangaza, wamehofu kuwa zimetokana na mnyama. Hofu hiyo naiheshimu, maana mtu anayejali kinachoingia tumboni mwa wanawe anatimiza wajibu.

Jibu liko kwenye pakiti. Aina iliyo mashuhuri hutengenezwa kwa maji na wanga wa choroko, choroko hizi hizi tunazounga kwa nazi. Zipo pia za viazi vitamu, basi soma kabla ya kulipa. Waislamu wa Indonesia huziita soun na huzitia katika supu ya kuku. Shaka yenyewe imo katika chupa za sosi zinazouzwa kando yake, kwani baadhi hutiwa mvinyo wa kupikia. Chupa nisiyoweza kuisoma siinunui.

Mama yangu, tunayeishi naye hapa Magomeni, alikuwa mgumu zaidi. Kwake tambi ni za ngano, zilizopikwa kwa sukari, tui na iliki kwa ajili ya futari. Jioni moja mke wangu akiwa kazini, niliandaa hizi za choroko. Mama akaisogeza sahani.

"Mwanangu, hiki kimetoka kwa mnyama gani?"

Ukatibu wa msikiti haukumtosha kuwa ushahidi, na ni haki yake. Nilimletea pakiti, nikamsomea neno kwa neno. Akasema Bismillahi, akaonja.

"Chapwa hizi. Lete ndimu."

Jirani mmoja aliyenikuta jikoni alicheka, eti mwalimu amegeuzwa mpishi. Bi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na wakati wa Swala ulipoingia alitoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo tunaisoma sana, lakini jikoni hatuionekani.

Kwa wanaotaka kujaribu: loweka tambi katika maji ya uvuguvugu kiasi cha robo saa, zichuje, kisha zikate kwa mkasi kwa kuwa ni ndefu na hung'ang'aniana. Pasha mafuta kidogo kwenye karai, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha karoti, hoho, na kabichi mwisho. Moto uwe mkali, ili mboga zisilegee. Hapo tia tambi, chumvi, pilipili manga na vijiko vichache vya maji, ugeuze haraka. Zikishaangaza, epua na ukamue ndimu. Waite watoto papo hapo, kwa sababu zikipoa huganda zikawa donge.