Dalili za Masika Huku Momela

Mwezi wa Februari huku Momela, chini ya mlima Meru, ni mwezi wa kungoja. Vuli imekwisha, kaskazi yavuma kavu, vumbi limetanda njia ya Ngare Nanyuki, na mashamba yamekwisha limwa. Kila mtu atazama juu akiuliza neno moja: mvua itakayonyesha ndiyo masika yenyewe, au ni ya kupita? Sisi si wanachuoni wa elimu ya hewa. Tu wakulima wenye daftari na kopo la kupimia mvua, na kwa miaka mingi tumeandika kila siku upepo umetoka wapi, mawingu yamesimama wapi, na maji yameingia kiasi gani. Twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji machache tuliyoyaona, kwani huenda yakafaa katika majumba mengine.

Yafaa kwanza kujua mwendo wenyewe. Katikati ya Machi jua hupita juu ya vichwa vyetu, na karibu tarehe 21 huvuka Ikweta kwenda kaskazini. Ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata nyuma yake. Kaskazi hulegea, na baada ya muda kusi huanza kuleta unyevu wa Bahari ya Hindi. Muda ulio baina ya pepo hizo mbili mabaharia wa pwani huuita tangambili, nasi watu wa bara mvua zetu kubwa hutegemea mageuzi hayo hayo.

Basi mvua ya Februari hutangulia mageuzi hayo, na ndiyo idanganyayo watu. Hunyesha jioni moja au mbili kwa nguvu, ardhi ikanukia, kumbikumbi wakaruka, na watoto wakafurahi. Lakini kumbikumbi hutoka kwa sababu ardhi imelowa. Watupa khabari ya mvua iliyokwisha nyesha, si ya ile ijayo. Sisi hungoja asubuhi ya pili. Tukiuona Kilimanjaro ng'ambo ya maziwa umesimama mweupe bila ya wingu, na upepo ni ule ule wa kaskazi, huandika katika daftari: bado. Ama mawingu yakilala siku kadha wa kadha, na usiku ukawa wa joto la unyevu, hapo ndipo twaanza kutengeneza mbegu.

Jambo la pili ni mahali. Mlima Meru, wenye urefu unaopita mita 4,500, huzuia mawingu. Upande wa kusini, Tengeru na Usa River, kuna mvua nyingi, kahawa na migomba. Ukizunguka kwenda kaskazini, mvua yapungua, hata kufika Oldonyo Sambu ni nchi ya ukame. Sisi wa Momela tuko kati. Kwa hiyo mtu asipande kwa sababu ndugu yake wa Tengeru amepanda.

Mwaka mmoja jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wanne, alikuja baada ya mvua ya pili ya Februari, akauliza, "Baba, hii ndiyo yenyewe?" Eka moja ya mahindi yataka kilo 10 hivi za mbegu, na yeye alikuwa na hizo tu. Tulimwambia, "Bado, mama, lakini hatuna yakini. Ukiona huwezi kungoja, panda robo." Akapanda robo. Miche ikachipua, ikanyauka kwa jua la Machi. Mbegu zilizobaki alizipanda masika yalipoingia, naye akavuna. Tangu siku hiyo tumejua kuwa neno la mtazama hewa ni amana, kwani watu hutia chakula cha watoto wao juu yake.

Wako wanaosema kuwa kazi hii ni kujidai kujua ghaibu. La hasha. Yakini ya mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Tabibu ashikaye mshipa wa mgonjwa hadai kujua ajali yake. Atazama dalili, asema aonavyo. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa Waislamu wema, na kwa kilimo na safari walihesabu siku za Nairuzi kwa miongo, kumi kumi. Walijua kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi. Mwaka 2017 Ramadhani iliandama mwisho wa Mei, masika yakielekea kwisha; mwaka 2024 iliandama Machi, yakianza. Ibada ina hesabu yake, na jembe lina yake.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika kabla ya kuingia kwake, nao wapasa kusikizwa. Ila ijulikane kuwa masika ni magumu kuyatabiri kuliko vuli. Vuli hufuata zaidi joto la bahari. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, na Afrika ya Mashariki ikapata mafuriko. Masika hayafungwi sana na jambo hilo. Na maonyo ya mvua kubwa yasidharauliwe: Aprili 2024 maji yalichukua gari la wanafunzi mjini Arusha, na watoto wakafa.

Nasaha yetu ni nyepesi. Kila nyumba iweke kopo lenye ubavu ulionyooka mahali pa wazi. Maji ya kina cha milimita 1 ni lita 1 juu ya kila mita ya mraba. Mtoto ajuaye kuandika apewe daftari. Mbegu isitiwe yote ardhini kwa mvua moja. Na ajuaye kidogo aseme kidogo, asimwongezee jirani yake. Mwenyezi Mungu atujaalie mvua yenye manufaa, isiyo na madhara. Amin.