Siku Moja Port Lockroy

Habari za Antaktika tumezisoma sote katika jiografia: barafu, upepo na baridi. Mimi nina habari zaidi kidogo, kwa kuwa baba yangu mdogo ni mhudumu wa mezani katika meli inayopeleka watalii huko. Ndiye anilipiaye karo. Alipokuja likizo hapa kwetu Uganda, alinisimulia siku moja ya Desemba 2024 aliposhuka nchi kavu pamoja na jamaa moja aliyokuwa akiihudumia: baba, mama na watoto wawili.

Meli yao ilitoka Ushuaia, Argentina, ikavuka Mlango wa Drake kwa siku mbili. Abiria wengi walilala kwa kutapika, lakini mhudumu hana ruhusa ya kulala. Kisha wakaingia maji matulivu, wakatia nanga karibu na Port Lockroy. Hapo pana kisiwa kidogo kiitwacho Goudier, ukubwa wake kama kiwanja cha mpira. Waingereza walijenga kituo hapo mwaka 1944, wakati wa vita, wakakiacha mwaka 1962. Nyumba ilitengenezwa upya mwaka 1996, na sasa wakati wa kiangazi cha huko ni makumbusho na posta.

Kushuka si mchezo. Kila mfuko wa koti hukaguliwa, isije ikaingia mbegu ya nchi nyingine. Viatu huoshwa kwa dawa. Chakula hakishuki kabisa. Baba mdogo alipata nafasi katika mashua ya mpira, akajikuta amepanga foleni ya kuosha viatu nyuma ya yule bwana aliyemmiminia chai asubuhi. Wote wawili wakainua nyayo kama wanafunzi wanaokaguliwa mstarini.

Kisiwani kilichowapokea kwanza ni harufu ya kinyesi cha pengwini, nao walikuwa mamia. Sheria ni kukaa mbali nao mita 5. Na pengwini akikujia, wewe ndiye wa kumpisha. Hairuhusiwi kuketi chini, kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege. Tena sehemu ya kisiwa imefungwa, ndege wa huko wasimwone mgeni.

Pengwini wale hujenga viota kwa kokoto, na kokoto ni mali kwao. Mmoja akigeuka tu, jirani humwibia! Watoto walicheka sana. Mdogo wao akaokota kokoto moja aiweke mfukoni. Kiongozi akamkataza. Baba yake akasema kwa mzaha kwamba yuko tayari kuilipia. Kiongozi akamjibu kwa upole, "Bwana, hapa hakuna muuzaji." Mama akamwambia mtoto airudishe palepale alipoitoa.

Jambo hilo si dogo. Katika msimu wa 2023-24 walifika Antaktika watalii zaidi ya 100,000, na wengi wao walishuka nchi kavu. Kila mmoja akichukua kokoto moja, pengwini atataga wapi? Tena mwaka 1959 nchi 12 zilitia sahihi mkataba kwamba bara lile liwe la amani na elimu, na mwaka 1991 yakaongezwa mapatano ya kukataza kuchimba madini.

Posta, jamaa ile ilinunua kadi nyingi. Baba mdogo alinunua moja, akaniandikia: "Mwanangu, nimefika mahali pasipo na mwenyewe, na kila mtu ana adabu." Ilinifikia baada ya miezi kadhaa.

Nilimwuliza kama hakuona uchungu kuwatazama watoto wa watu wakitembea na wazazi wao, naye wanawe hajawaona mwaka mzima. Alinyamaza kidogo, akasema, "Uchungu niliuona. Lakini pale hakuwapo bwana wala mtumishi. Sote tulikuwa kuku weupe."

Wazee walinena kweli kwamba mgeni ni kuku mweupe. Fedha ilimfikisha yule bwana, kazi ikamfikisha baba mdogo. Na hakuna kati yao aliyeondoka na kokoto. Nami naona vitu vyetu vya shirika, kisima na msitu na hata kitabu cha maktaba, vingedumu kama tungevikaribia hivyo: viatu vimeoshwa, na mifuko mitupu.