Masega ya Gari Langu

Kama wako wanafunzi wangu wa zamani wanaosoma kurasa hizi, watakumbuka kwamba jambo nililolichukia shuleni kuliko mengine yote lilikuwa kelele. Darasa lililopiga kelele nililisimamisha juani, na kiranja wake nikamwita ofisini. Basi uzeeni nikapata malipo yangu. Kwa muda wa karibu mwaka mzima niliendesha gari lililosikika kijiji cha pili kabla halijaonekana.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2004, nililonunua mtumba baada ya kustaafu. Siku moja lilianza kuchoka kwenye vilima vya Tarime. Lilikuwa likipanda kwa kusuasua na kula petroli kama mgeni asiye na haya. Nililipeleka kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Alichungulia chini, akaniambia, "Mzee, masega yameziba. Tuyatoe, tuweke bomba tupu. Gari itakuwa nyepesi, na mafuta utaokoa." Tena aliahidi kunipunguzia gharama ya kazi iwapo ningemwachia hayo masega mabovu.

Nilikubali. Mimi, niliyefundisha watoto kuuliza "kwa nini" kwa zaidi ya miaka thelathini, sikuuliza kwa nini mtu autake uchafu wangu. Baadaye nilijifunza kwamba ndani ya yale matundu madogo ya kauri, yaliyopangwa kama sega la nyuki, mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu yaliyopakwa kwa utando mwembamba sana. Uchafu wangu ulikuwa mali.

Gari lilipata nguvu kweli. Lakini lilipata na sauti. Haukuwa mngurumo mzito wa lori, bali mkwaruzo mkali, kama bati linalochanwa. Nilipofika kwenye mazishi upande wa Nyamwaga, mzee aliyekuwa akizungumza alinyamaza, akageuka, akasubiri hadi nilipozima injini. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Ndugu msomaji, kama aibu ingekuwa ndiyo hasara pekee, nisingeandika habari hii. Sisi tunaishi Mugumu, na jamaa za mke wangu wako Tarime. Safari ya kuvuka Mto Mara na kupita Nyamongo tumeifanya mara nyingi. Wakati wa kiangazi vumbi la njia ile halina huruma, hivyo tulizoea kufunga vioo vyote. Mjukuu wetu, aliyekuwa na miaka sita, alikaa kiti cha nyuma. Safari ya kwanza baada ya bomba tupu alitapika, tukasema ni kona za njia. Safari ya pili alitapika tena na kusinzia usingizi usio wa kawaida, na mke wangu akaumwa kichwa. Tukasema ni malaria. Walipimwa wote wawili, haikuonekana.

Safari ya tatu mke wangu aliniambia, "Baba, mbona kichwa hiki kinaniuma nikiwa ndani ya gari tu? Nikishuka, napona."

Nilisimamisha gari kando ya njia, nikafungua milango yote minne. Nilikaa kimya kitambo. Maneno yake yalinirudisha kwenye ubao mweusi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulifundishwa somo la kuungua kwa vitu: kitu kikiungua pasipo hewa ya kutosha, hutoka hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Somo hilo nililifundisha kila mwaka majira ya baridi, kwa kuwa nyanda za juu za Tarime zina baridi na watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Niliwaambia watoto: kichwa kikiuma, tumbo likichafuka, usingizi ukizidi, toka nje upesi. Naam, dalili zile zile zilikuwa zimekaa nyuma yangu safari tatu, nami nilikuwa nikisikiliza kelele tu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye gereji nyingine mjini Tarime. Mwenye gereji aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, kisha akaniita nilale chini pamoja naye nitazame. Pale lilipochomelewa bomba tupu palikuwa na ufa, na povu lilikuwa likitoka. Juu ya ufa huo, kwenye sakafu ya gari, kizibo kimoja cha mpira kilikuwa kimeanguka.

"Mwalimu," aliniambia, "hapa kuna mambo mawili. Bomba linavuja, na masega hayapo. Ukirudisha masega ukaacha ufa, utakuwa umepaka poda kidonda."

Nimewasahihisha wanafunzi wengi, lakini kusahihishwa vizuri namna ile ni nadra. Alinieleza kwamba masega hayakuwekwa ili kunyamazisha gari. Mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, Eugene Houdry, aliyashughulikia miaka ya 1950 kwa sababu ya moshi wa miji, na kuanzia magari ya mwaka 1975 yakaenea huko Marekani. Kazi yake ni kugeuza kaboni monoksaidi kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na mafuta yasiyoungua kuwa mvuke wa maji na hewa hiyo hiyo. Lakini moshi unapopenya katika mamia ya vijitundu vyembamba, ule ukali wa sauti hukatwa. Sailensa ya nyuma hubaki na kazi ya kutuliza mngurumo mzito. Ukiyaondoa, sailensa hubebeshwa mzigo usio wake.

Wazee wenzangu watauliza: mbona Land Rover zetu za zamani hazikuwa nayo? Hata kama zingekuwa nayo, yangekufa. Petroli yetu ilitiwa risasi, na risasi huyafunika yale madini yasifanye kazi. Nchi zetu zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Basi tukaanza kuchagua. Ya kwanza ilikuwa kuliba ufa na kufunga sailensa kubwa zaidi. Hiyo ni rahisi, lakini sumu ingeendelea kutoka nyuma, mbele ya watoto wanaotembea kwenda shule. Ya pili ilikuwa masega ya mtumba kutoka gari lililokufa, ila hakuna ajuaye yamebakiwa na uhai gani. Ya tatu ilikuwa mapya, yasiyotengenezwa na kiwanda cha gari langu.

Tulichukua ya tatu, na hapo nilijifunza kuwa mapya nayo yana madaraja. Mengine ni ganda tu, ndani hamna kitu. Mengine yana matundu makubwa na machache, kwa wapenda mbio, na mkwaruzo hauondoki. Kijana wangu alitafuta yenye matundu mia nne kwa kila inchi ya mraba, yanayolingana na ukubwa wa injini yangu, yenye maungio ya kufungwa kwa bolti na tundu la sensa mahali pake. Yalipofika kwa basi kutoka Dar es Salaam aliyamulika tochi upande mmoja, nikachungulia upande wa pili. Aliyatikisa, hayakulia. Alinionyesha mshale wa kuonyesha moshi unakoelekea.

Lakini hakuyafunga siku hiyo. Alitaka kwanza kujua nini kiliyaua ya awali. Plagi mbili zilikuwa zimekwisha, hivyo petroli mbichi ilikuwa ikipita na kuungulia ndani ya masega. "Tusipotibu hilo, Mwalimu, na haya utayazika." Alibadilisha plagi, akakata bomba lenye ufa, akarudisha kizibo cha sakafu. Ndipo akafunga.

Fedha iliyonitoka ilizidi pensheni ya miezi miwili. Mkwaruzo umekwisha kwa sehemu kubwa, si wote. Nimeonywa pia nisiegeshe juu ya nyasi kavu, maana masega hupata moto mkali, na huku kwetu Serengeti moto wa nyasi haungoji mtu.

Jambo zito lilibaki: kumweleza binti yangu, mama wa yule mtoto. Nilimweleza yote, pamoja na ule upunguzo wa bei nilioufurahia. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaniuliza, "Baba, si wewe uliyetufundisha habari ya jiko?" Nikajibu, "Ndimi."

Mjukuu hatapiki tena. Lakini akiingia garini hushusha kioo, hata kukiwa na vumbi, nami simkatazi.