Kuku wa Mkata

Watu wa pwani wana methali isemayo kuwa kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea mwanawe huchukuliwa na mwewe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kuguna, kama neno la kujiliwaza, na mwenye kuitaja hutaka ifahamike kuwa maskini hana bahati. Lakini ikitazamwa kwa makini, methali yenyewe haikutaja bahati hata kidogo. Imepanga hatua nne za ufugaji kwa taratibu yake, yaani kutaga, kuangua, kulea na kuokoka na mwewe, na katika kila hatua imeandika hasara. Hiyo ni hesabu. Mtu awezaye kuonyesha kila hasara imetoka wapi amekwisha kupunguza majonzi ya methali hiyo, maana hasara yenye sababu yaweza kutafutiwa dawa. Kisiwa cha Pemba ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huo. Nyumba nyingi za shamba hufuga kuku, mitaji ya wafugaji ni midogo, na bahari imewazunguka pande zote.

Kuku si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, naye aliletwa na watu wa safari za bahari. Mifupa yake imefukuliwa katika mabaki ya miji ya kale ya Waswahili, kama Shanga katika visiwa vya Lamu. Kiswahili kilimpokea kwa ukarimu. Kilimwita kifaranga angali mdogo, pora akianza kuwika, jimbi akikomaa, mtetea akikaribia kutaga, koo akiwa mama, na kuchi akiwa wa ukoo wa mapigano. Lugha haitoi majina mengi namna hiyo kwa kitu isichokijali. Kwa karne nyingi kuku wa Pemba alikuwa hazina ya nyumba: alijitafutia riziki uani, akala chenga za mchele, mchwa na makombo, akachinjwa kwa ajili ya mgeni au akauzwa siku mtoto alipohitaji daftari. Hakuwa na gharama, na kwa hiyo bei haikuwa na nguvu ya kumfilisi mwenyewe. Mambo yaligeuka pale yai lilipoanza kuuzwa kwa trei la mayai 30, likitoka kwa kuku wa kisasa aliyefungiwa bandani na kulishwa kwa mizani.

Neno la kwanza la methali ni kwamba kuku wa mkata hatagi. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huyaatamia, na katika mwaka mzima mayai yake ni machache. Kuku wa kisasa aweza kutaga zaidi ya mayai 250 kwa mwaka, lakini kwa sharti la kulishwa, na katika sharti hilo ndimo ilimo habari yote. Huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20. Kwa miezi minne na zaidi basi hula bila ya kurudisha kitu, na mkata ni yule asiyeweza kulisha miezi minne bila ya kupokea. Anapoona gunia linakwisha hupunguza kipimo, au huchanganya chakula na pumba tupu; naye kuku, asiyejua huruma wala hila, hupunguza mayai kwa kadiri ile ile. Basi ni kweli hatagi, lakini sababu iko guniani.

Achukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, mama mmoja wa Wilaya ya Micheweni mwenye kuku 100 wanaotaga. Kila kuku hula karibu gramu 120 kwa siku, na wote pamoja hula kilo 12. Wakitunzwa vizuri huweza kumpa mayai 80 kwa siku. Ikiwa bei ya jumla ya trei moja yaweza kununua kilo 6 za chakula, basi trei mbili za kila siku, yaani mayai 60, ni mali ya kuku wenyewe. Yaliyobaki kwa mama ni mayai 20, na katika hayo atoe gharama ya vifaranga, dawa, maranda, nauli na mayai yaliyovunjika, kisha alipe miezi ile aliyolisha bure. Sasa bei ya trei na ishuke kwa robo tu, hata trei isinunue zaidi ya kilo 4 na nusu. Mayai yote 80 yatanunua kilo 12, wala hapana litakalobaki. Mnunuzi sokoni atasema kuwa bei imeshuka kidogo, na kwa upande wake amesema kweli; lakini kushuka huko kumechukua pato zima la nyumba. Kwa mfugaji mdogo bei haipunguzi faida kwa robo. Huiondoa yote.

Chakula hicho nacho kina safari yake. Mahindi, soya na mashudu ya alizeti, ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha kuku, kwa sehemu kubwa hutoka bara, na Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina kirefu sana. Magunia hushushwa bandarini, yakapakiwa katika magari, yakapita mkono baada ya mkono hadi vijijini. Wakati huo huo mayai ya bara nayo huvuka maji kuja visiwani, nayo yametagwa karibu na vinu na mashamba ya mahindi. Kwa hesabu ya mama yule, trei moja hugharimu kilo 4 na nusu za chakula, lakini trei yenyewe ina uzito wa kilo 1 na robo tatu hivi. Kwa uzito, basi, ni nafuu kuvusha yai kuliko kuvusha chakula chake. Kinga ya mfugaji wa Pemba ni kuwa gunia halivunjiki na yai huvunjika, na kwamba yai lake ni jipya kuliko la mgeni. Kinga hiyo ni ya kweli, ila ni nyembamba kama ganda. Na mtu wa Micheweni, aliye mbali na soko la Chake Chake, hulipa njia mara mbili: chakula humfikia kikiwa kimekwisha kupanda bei, na mayai yake huondoka kwake yakiwa yamekwisha kupunguziwa nauli.

Neno la pili ni kwamba akitaga haangui. Hapa methali imekuwa kweli kwa namna ambayo wahenga hawakuitazamia. Kuku wa kisasa alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa wingi wa mayai, na katika kuchaguliwa huko tabia ya kuatamia ilimtoka. Hata awe wa tajiri, haangui. Ukoo wake hauendelei bandani mwa mfugaji. Kila kundi likichakaa, kundi jipya la vifaranga lazima linunuliwe kwa mwenye mashine ya kutotolea. Ndipo mfugaji anapoingia katika mambo ya mipaka na amri. Mwezi wa Oktoba mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa amri ya serikali, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia mafua ya ndege. Jambo hilo lilitokea mbali na Pemba, lakini lilionyesha wazi kuwa kifaranga cha siku moja ni bidhaa ya kimataifa. Koo wa kienyeji huangua kwa siku 21 pasipo cheti wala ruhusa.

Neno la tatu ni kwamba akiangua halei. Kifaranga asiye na mama huhitaji joto la nyuzi 32 au zaidi katika wiki yake ya kwanza, nalo hupunguzwa kidogo kidogo. Joto hilo hutoka katika jiko la mkaa au katika taa. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga, na huo ni msaada mkubwa kwa aliyeunganishiwa. Asiye nao hukesha na mkaa. Akipita hatari ya baridi hukutana na mdondo, uitwao pia kideri, ambao huweza kufuta kundi zima lisilochanjwa kwa siku chache. Kwa ugonjwa huu hapana tiba, lakini ipo kinga. Chanjo iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia na kutengenezwa pia Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani. Hutiwa tone moja katika jicho la kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Gharama ya tone ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya kuku. Mara nyingi kinachokosekana ni watu kupatana siku moja, maana chupa ikishafunguliwa yatosha kuku wengi, na mwenye kuku sita huona taabu kununua chupa ya kuku mia. Basi hasara hii hutokana na upweke kuliko ufukara.

Limebaki neno la mwewe. Yuko mwewe wa angani, naye hufukuzwa kwa kelele na kizuizi. Mwewe wa biashara ni mgumu kumtambua, na wengi humwonyesha kidole mchuuzi wa jumla ajaye na baiskeli au pikipiki kukusanya trei. Hukumu hiyo si ya haki. Mchuuzi hubeba mayai katika njia mbovu, huhesabu yaliyopasuka kuwa yake, na huwakopesha wenye maduka wasiolipa kwa wakati. Anachoshinda nacho ni kitu kimoja: yeye aweza kuondoka leo bila ya kununua, na mfugaji hawezi kumwambia kuku asitage kesho.

Tofauti yake huonekana vizuri ikiwekwa karibu na karafuu, zao lililoijengea Pemba jina lake, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Karafuu ina daraja zake na bei iliyotangazwa, na kwa miongo mingi imenunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Watu wamelalamika juu ya bei hiyo, nao walikuwa na sababu zao. Lakini mkulima huijua kabla ya kupanda mtini. Tena karafuu ikikauka hukaa gunia kwa miezi bila ya kuharibika. Yai halina mtangazaji wa bei, wala halina subira. Katika joto la pwani siku zake ni chache, kisha huwa viza. Mwenye karafuu akiambiwa bei mbaya aweza kufunga mlango. Mwenye mayai akifunga mlango hujifungia hasara ndani. Mwewe wa mkata, basi, ni kutoweza kungoja.

Na mahitaji ya mayai nayo hayatulii. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, muuza mayai ya kuchemsha hana mteja mchana. Lakini jioni na karibu ya Sikukuu nyumba hutaka mayai kwa chapati na kwa mkate wa mayai. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya jua, na mtetea huchukua miezi minne na zaidi kabla ya yai la kwanza. Anayetaka kuuza Sikukuu hana budi kuhesabu kwa mwezi mwandamo na kununua vifaranga mapema. Wenye kuhesabu hivyo hupata bei. Wenye kununua vifaranga pale bei inapokuwa nzuri hutagiwa wakati bei imekwisha kuanguka, kwa kuwa jirani zao wote walifanya vivyo hivyo.

Dawa za hasara hizi zinajulikana, na si za kifalme. Chakula chaweza kupunguziwa safari: dagaa hukaushwa Pemba, pumba za mpunga zimo mabondeni, machicha ya nazi yamo majumbani, na makombe ya chaza yaliyotapakaa pwani hutoa chokaa ya ganda la yai. Havitoshi kuondoa mahindi, ila hupunguza kilo zinazovuka bahari, na kila kilo iliyopunguzwa hurudisha mayai upande wa mama. Kuku wa kienyeji asifukuzwe uani kwa sababu ya mgeni wa bandani, kwani huyo huangua mwenyewe, hula kidogo cha kununua, na yai lake hupata bei bora. Zaidi ya hayo, wafugaji kumi wakinunua magunia pamoja, wakachanja siku moja, na wakampa mchuuzi trei zao kwa mapatano ya mwezi mzima, wamepata kile ambacho mmoja mmoja hawezi kukipata, yaani uwezo wa kungoja. Mapatano hayo hutaka daftari na uaminifu, na vikundi vingi huvunjika kwa kukosa kimoja cha viwili hivyo.

Wahenga waliotunga methali ile walikuwa wafugaji. Walijua mahali pa kuhesabu hasara. Hawakusema kuwa kuku wa mkata ana kasoro, maana kuku huyo huyo akihamia nyumba ya mwenye gunia hutaga. Walisema ni wa mkata. Mwenye kuisikia leo katika kijiji cha Micheweni, wakati trei zimepangwa barazani na pikipiki haijafika, ana haki ya kuuliza ni kilo ngapi za chakula trei hizo zitanunua jioni hiyo, na ni nani atakayekuwa wa kwanza kutaja bei.